Nyumba Kumi na Moja

Nilipopangiwa kazi katika shule ile ya msingi, kwenye njia itokayo Geita kwenda Nyarugusu, nilijiona nimeonewa. Nilikuwa kijana wa Shinyanga mjini, nimezaliwa jirani na stesheni ya reli, wino wa cheti changu cha ualimu ndio kwanza umekauka, na nilivaa suruali ya bugaluu ambayo mjini ilikuwa imeshaanza kupitwa na wakati ila mimi sikuwa nimeambiwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, madukani hamna kitu, na wenzangu wawili tuliomaliza pamoja walikuwa wamepata Mwanza mjini. Mimi nikapewa vumbi na nyasi.

Mwalimu mkuu nilimkuta shimoni. Lilikuwa shimo la choo kipya, limemfika kifuani, naye amesimama ndani yake ameshika kamba yenye mafundo, huku darasa la sita wamelizunguka wakibishana yametoka madebe mangapi ya udongo na yamebaki mangapi. Alikuwa mama wa makamo, kilemba cha kitenge kichwani, miguu peku. Nikamwamkia kutoka juu, naye akaitikia, "Marahaba, Mwalimu. Karibu. Hebu nipe mkono nitoke." Nikamvuta, na tope la mkono wake likahamia kwenye shati langu jeupe. Kumbe hicho kilikuwa kipindi cha hesabu, somo la ujazo, na nilikuwa nimekivuruga.

Miezi ya kwanza nilimwona mshamba. Sisi chuoni tulifundishwa kuandika andalio la somo, kusimama wima, kuandika ubaoni kwa mwandiko unaosomeka na kuuliza maswali. Yeye andalio alikuwa nalo, tena safi kuliko langu, lakini somo lake lilianza popote. Sayansi ilianzia kwenye banda la kuku lililopata kideri. Jiografia ilianza kwa kumuuliza kila mtoto babu yake alihama kutoka wapi na kwa nini. Saa ya uji aliketi chini na wanafunzi akanywa kwa kikombe cha bati kama wao, na kwa kunywa nao alijua nani ana jino bovu na nani anaweka nusu ya uji ampelekee mdogo wake.

"Mtoto haji hapa na kichwa peke yake," alizoea kutuambia ofisini. "Amekuja na tumbo lake, na mikono yake, na yaliyomkuta jana nyumbani. Ukifundisha kichwa tu, hivyo vingine vitakuvurugia darasa."

Alikuwa na madaftari ambayo sijayaona kwa mwalimu mkuu mwingine yeyote, na nimewaona wengi. Kila mwanafunzi alikuwa na ukurasa wake. Alama za mitihani zilikuwa pembeni, kwa maandishi madogo. Katikati aliandika analelewa na nani, anaogopa nini, mikono yake inaweza nini. Nakumbuka ukurasa wa mvulana aliyekuwa wa mwisho darasani miaka yote: "Anajua kumsaidia mbuzi aliyekwama kuzaa. Apewe kazi ya kueleza mbele ya wenzake." Akapewa. Mvulana yule alizungumza kipindi kizima, akichanganya Kiswahili na Kisukuma, na darasa zima lilimsikiliza kama redio. Hakupanda hadi nafasi ya kwanza, nisiwadanganye, lakini alianza kuja shuleni amenyoosha shingo.

Pole pole, bila kukiri, nikaanza kumwiga. Nilimpenda mama yule. Nalisema leo waziwazi kwa sababu wakati ule nilikuwa najifanya simpendi.

Kipaji changu mimi kilikuwa kimoja, kuchekesha. Darasa langu lilikuwa halilali. Nilijua kuiga sauti ya mkaguzi wa shule, ya katibu kata, ya mama muuza dagaa, na watoto walishika mbavu. Nilidhani huo ndio ualimu wote.

Sasa, shule yetu ilikuwa na donda moja. Kila mwaka watoto wakifika darasa la tano, walianza kupungua. Leo dawati hili wazi, wiki ijayo lile. Ukimuuliza yeyote, kuanzia katibu kata hadi mpiga kengele wa kanisani, jibu lilikuwa neno moja: dhahabu. Kule Nyarugusu wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba maduara, yaani mashimo yao, na watoto walionekana huko wakiosha mchanga kwa makarai. Mimi ndiye niliyeliamini jibu hilo kuliko wote. Mjomba wangu alikuwa Maganzo akitafuta almasi, na wanawe watatu, mmoja baada ya mwingine, waliacha shule wakaingia kwenye mchanga. Kwangu hapakuwa na la kuuliza.

Mwalimu mkuu yeye aliuliza. Tena aliuliza kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hakupenda majibu ambayo kila mtu anayo mfukoni. Ya pili ilikuwa yake binafsi, na alinieleza siku moja tukiwa tunapanga vitabu. Alikuwa amekubaliwa kwenda kusomea zaidi elimu, masomo ya juu, jambo alilolitamani tangu ujana wake. Nafasi ya kwanza ilimpita alipobaki kusimamia ujenzi wa madarasa. Hii ilikuwa ya pili na ya mwisho, maana mwaka unaofuata angekuwa amevuka umri unaokubaliwa. Sharti lilikuwa kwamba apeleke ripoti ya utafiti kuhusu tatizo la shule yake, ifike ofisi ya elimu ya mkoa, Mwanza, kabla ya tarehe waliyoweka.

"Nataka niketi darasani tena, nifundishwe," alisema, na uso wake ukawa wa msichana. "Nimechoka kujua mambo kwa kubahatisha."

Akachukua karatasi za mitihani ya zamani, maana karatasi mpya hazikupatikana, akazipiga mistari kwa nyuma, moja kwa kila mtoto aliyeacha darasa la tano. Zilikuwa hamsini na mbili. Thelathini na mbili akazichukua yeye, ishirini akanipa mimi. Masharti yake yalikuwa ya ajabu. Usiende na kalamu mkononi. Amkia kama watu wa hapa wanavyoamkiana, uulize habari za wazee, za mifugo, za mvua, usimkatize mtu anapozungumza. Ukiwakuta wanapukuchua mahindi, pukuchua nao. Usiulize wana watoto wangapi wala ng'ombe wangapi, maana mtu wa huku hahesabu hadharani kile anachotaka kibaki hai. Waombe wakutajie majina, nao watakutajia. Andika ukishaondoka, na mwisho wa karatasi ujaze walikukaribisha nini.

"Hilo la mwisho la nini, Mwalimu?" nikauliza.

"Wanachokupa wewe mgeni ndicho kizuri kuliko vyote walivyonavyo. Basi ujue mtoto anakula pungufu ya hapo."

Nilienda. Nilienda na kalamu mfukoni, karatasi mkononi, na bugaluu yangu. Watu wengi wa upande wangu walikuwa wale waliohamishiwa kijijini kwa nguvu miaka ya operesheni ya vijiji, kisha wakarudi kimya kimya kwenye mahame yao, viunga vyao vya zamani vilivyoachwa. Kijana wa mjini mwenye karatasi hakuwa habari njema kwao. Mzee mmoja aliniapia kwamba hana mtoto hata mmoja, huku vichwa vinne vinanichungulia nyuma ya ghala. Mwingine alisema yeye mwenyewe si mkazi wa pale, amepita tu, na alikuwa amekalia kiti chake mwenyewe mlangoni pake. Nilikasirika. Kisukuma nilikijua, nililelewa na bibi, lakini nilikuwa nimejizoesha kujifanya sikijui, na siku zile ndipo kilipohitajika. Nyumba tisa nikazifanya hivyo hivyo, kwa kulazimisha.

Kisha mvua ikaanza, na kijito cha upande ule kikafurika. Nikaketi mezani chumbani kwangu, nikazijaza zile kumi na moja zilizobaki. Sikuona kama nadanganya. Niliona naandika linalojulikana. Sababu ya kuacha shule: dhahabu. Dhahabu. Dhahabu, na kwa mbili tatu nikaongeza "uvivu", ili zisifanane sana. Walikukaribisha nini? Hapo nikaandika kile ambacho kwetu mjini mgeni hupewa.

Jumanne yake aliniita ofisini. Karatasi zangu zilikuwa mbele yake, na tarehe ya Mwanza ilikuwa Ijumaa.

"Nyumba hii ya kumi," akasema, "walikukaribisha nini?"

"Chai, Mwalimu."

"Na hii?"

"Chai."

"Hii?"

"Hao walinipa chai ya maziwa."

Akazipanga vizuri, kingo kwa kingo. "Mimi tangu msimu wa pamba sijaonja sukari. Ile kidogo iliyoletwa duka la kijiji ilikwenda msibani na kwa wanawake waliojifungua. Hawa watu wako kumi na moja wanaipata wapi? Nielekeze, nami niende."

Hakucheka. Na mimi, mchekeshaji mkubwa, nilisema upuuzi: nilimwambia apeleke tu, wale wa Mwanza hawatajua.

"Wewe unajua, na mimi najua. Tumeshakuwa wengi."

"Basi zitoe hizo, upeleke arobaini na moja za kweli."

"Nimeandika humu kwamba nimekwenda kwa kila mtoto. Hao kumi na mmoja si watoto?"

Alikuwa na haki ya kunifukuza, au kuniandikia barua wilayani, na mpaka leo ningesema alifanya sawa. Badala yake alisema tutakwenda wote wawili, baada ya vipindi, kwa kuwa wanafunzi waliokuwepo hawakuwa na kosa la kukosa masomo. Nilijua hesabu hiyo. Nyumba kumi na moja, kijito kimejaa, saa chache za mwanga kila jioni: Ijumaa isingetukuta tumemaliza. Naye alijua. Alifunga kilemba chake akatangulia.

Siku chache za mwanzo nilijifunza ualimu kuliko miaka yote ya chuo. Mama yule aliingia kwenye mji wa mtu kana kwamba ana siku nzima ya kupoteza. "Mwadila, mayu," anamwamkia mama mwenye nyumba, na salamu zinaendelea, habari za mhola, yaani za amani, zinapokewa na kurudishwa, mpaka mimi nachoka kusimama. Anaketi juu ya kinu kilicholazwa. Anachukua ungo. Mikono yake ikishaanza kazi, watu wanazungumza wenyewe. Tukapewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, tukapewa matobolwa, yaani viazi vilivyochemshwa kabla ya kuanikwa, na mtindi. Chai hatukuiona popote, na kila tulipopewa kibuyu cha mtindi nilitazama chini.

Dhahabu ilikuwepo, sikatai. Lakini haikuwa kila mahali. Katika nyumba moja mtoto aliacha kwa sababu shule ilitaka kila mwanafunzi aje na jembe la shamba la shule, na nyumbani jembe lilikuwa moja. Kwingine binti alikuwa haoni vizuri ubaoni na aliona aibu kusema. Mwalimu mkuu aliyasikia hayo huku ameinamisha kichwa, kwa sababu agizo la majembe lilikuwa lake mwenyewe.

Ijumaa ikafika, ikapita. Tulikuwa tunavuka kijito jioni ile, maji magotini, ndala mikononi.

Nyumba ya tisa kati ya zile kumi na moja ilikuwa ya mama mmoja na mumewe aliyekuwa machungani. Binti yao, aliyekuwa wa darasa la tano, alitokea kisimani na ndoo kichwani, akaniona, akaitua ndoo akazunguka nyuma ya nyumba. Sikulitilia maanani. Mama alituletea michembe iliyopikwa na karanga, nzuri sana, nami nilikuwa na njaa nikala.

"Mayu," mwalimu mkuu akauliza, "na huyu binti, ni dhahabu?"

"Dhahabu gani, Mama Mwalimu? Huyu hata karai la kuoshea mchanga hajawahi kulishika." Akachukua hindi jingine, akaanza kulipukuchua. "Alikuwa anapenda kusoma huyu. Akisoma hata kikaratasi cha kufungia chumvi. Sasa siku moja alisimamishwa asome mbele ya wenzake, akasoma kwa sauti ya kwetu, hii hii ya Kisukuma. Mwalimu akamwigiza. Darasa zima wakacheka. Wakamwigiza njiani wiki nzima. Akasema harudi, na baba yake akasema asilazimishwe."

"Mwalimu gani?"

Mama yule aliinua macho. Alinitazama mimi, kisha akatazama bakuli mbele yangu, lenye chakula chake, ambalo nilikuwa sijalimaliza. Akarudi kwenye mahindi.

"Nimesahau, mayu. Walimu ni wengi."

Hakuwa amesahau. Nilikuwa mgeni wake, mkono wangu umo ndani ya bakuli lake, na mtu wa pale hamwaibishi mgeni anayekula kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nimesahau. Nilijitahidi kuikumbuka siku yenyewe na haikuja, kwa sababu kwangu ilikuwa siku kama nyingine, nimechekesha darasa, nikaenda kula.

"Ni mimi," nikasema. Nikarudia kwa Kisukuma, cha bibi yangu, chenye kutu, kwa kuwa kulisema kwa Kiswahili tu niliona haya.

Mama akaniongezea michembe.

Tulipofika shuleni mwalimu mkuu akanipa karatasi ya nyumba ya tisa. "Hii utaijaza wewe. Na usiandike 'mwalimu mmoja'. Andika 'mimi'."

Nikaandika. Sababu ya kuacha shule: mimi nilimcheka. Walinikaribisha nini: michembe na karanga. Sijawahi kuandika sentensi zilizonitoa jasho kama hizo, na baadaye nimeandika vitabu viwili vya mafunzo ya walimu. Kwenye nyumba ile nilirudi peke yangu mara tatu. Mara ya kwanza binti hakutoka. Mara ya pili alitoka, akaishia mlangoni. Mara ya tatu nilikwenda na darasa langu zima, na mbele ya mama yake nilisema nilichokosa, bila mzaha wowote. Jumatatu alikuja shuleni. Alikaa nyuma kabisa, na mimi sikumwita kusoma mpaka alipojinyooshea mkono mwenyewe, wiki kadhaa baadaye. Akasoma kwa sauti ya kwao. Hakuna aliyecheka.

Ripoti ya mwalimu mkuu ilikamilika, nyumba zote hamsini na mbili. Ilipofika Mwanza nafasi yake ilikuwa imeshatolewa kwa mtu mwingine. Wakamwandikia barua ya adabu. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaenda kufundisha kipindi chake cha nne. Kisha akaitisha mkutano wa wazazi, akawasomea ripoti kwa Kisukuma kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na kosa lake la majembe. La kwangu alilisoma bila kunitaja, ila nilisimama. Agizo la majembe likafutwa siku ile ile. Darasa la tano la mwaka ule lilibaki karibu lote, na wakaguzi walikuja kuuliza tumefanyaje, akawaambia tulikwenda kuuliza.

Mwaka uliofuata wilaya ikaleta taarifa ya nafasi nyingine ya masomo: kila shule itoe jina moja. Yeye alikuwa amevuka umri. Akaniita ofisini akanisukumia fomu mezani.

Nilikataa. Nilimwambia mimi ndiye niliyemkosesha, siwezi kwenda kukalia kiti chake. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Usinifanye mimi sababu ya kutokusoma kwako," akasema. "Walimu wanaojua kufundisha ninao. Anayejua mtoto anavyoondoka shuleni kwa sababu ya mwalimu ni mmoja. Nenda ukajifunze kuwaeleza wengine."

Nikaivuta ile fomu niijaze. Fomu nazo zilikuwa adimu miaka ile, kama kila kitu, na hii haikuwa mpya. Ilikuwa fomu yake ya mwaka uliopita, nakala aliyobaki nayo. Penye jina la mwombaji aliandika jina lake kwa mwandiko wake mzuri uliolala kidogo, akalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, uliopigwa kwa rula, na juu yake akaandika langu. Penye sababu ya kuomba hakukata kitu. Aliacha maneno yake vile vile, niyachukue kama yalivyo: "Nataka niketi darasani tena, nifundishwe."

Nililia palepale mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu, na yeye akatoka nje akaniachia ofisi.